Masisi: gurudumu lililolia, na safari iliyongoja siku moja

Kwa siku tatu pikapu ya Toyota ya dereva mmoja wa Masisi-centre ilikuwa inalia. Baba huyo wa watoto watano alikimbia kijiji chake upande wa Nyabiondo, na gari hilo ndilo shamba pekee lililombakia. Haukuwa mlio wa injini. Ulikuwa mngurumo wa chini, kama wa jiwe la kusagia, uliopanda gari lilipoongeza mwendo na kuzidi kila alipokata kona ya kuume. Mwanzoni alifikiri ni mipira. Akaongeza sauti ya radio, akaendelea.

Kwa kawaida pikapu hiyo inabeba maharagi, ndizi na fromaji, na kurudi na chumvi, sabuni na watu. Jumamosi ile ilikuwa imepewa kazi nyingine. Familia nne za wakimbizi wa ndani zilikubaliana kurudi kwao kuangalia mashamba, na mama mmoja mwenye mimba kubwa alikuwa ameahidiwa kiti cha mbele. Magodoro na masufuria yalikwisha kufungwa.

Ijumaa asubuhi, mzee mmoja fundi alisikia gari likipita, akalisimamisha.

— Papa shofa, huo si mpira. Ni rulema ya mbele, ya kushoto.

Dereva akauliza amejuaje ni ya kushoto. Mzee akamweleza: ukikata kona kwenda kuume, uzito wa gari unalalia gurudumu la kushoto. Likipiga kelele zaidi hapo, limejitaja lenyewe.

Kazi ilifanyika nyumbani, chini ya mti wa avoka. Waliweka mawe makubwa kwenye magurudumu ya nyuma, ubao chini ya jeki isizame katika udongo, na gogo chini ya chasi, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu mwenye watoto. Mzee alishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akalizungusha kwa mkono, likakwaruza.

Breki ilifunguliwa na kufungwa pembeni kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Ikafuata nati ya kwanza, bati linaloizuia, nati ya pili, kisha kitovu cha gurudumu kikatoka. Grisi ilikuwa imegeuka kama kahawa ya maziwa. Hiyo ndiyo kazi ya barabara zetu. Kitovu kinapata moto kwa breki za mteremko, kisha kinaingia ghafla katika maji baridi ya mto. Kikipoa hivyo, kinavuta maji ndani kupitia raba iliyochakaa. Wanaoshika njia ya Nyabiondo na Kashebere kwenda Walikale wanayajua maji hayo vizuri. Ndani ya rulema, vyuma vidogo vilikuwa vimegeuka bluu kwa kuungua, na kimoja kilikuwa kimebanduka ngozi.

Hapo ubishi ukaanza. Pesa za dereva hazikutosha vipuri vyote.

— Mzee, tuioshe na petroli, tuweke grisi mpya, itafika tu. Watu wananingoja.

Mzee hakumjibu. Alifuta mikono, akamwendea yule mama mwenye mimba aliyekuwa amekaa juu ya mizigo, akamwekea rulema kiganjani.

— Mama, zungusha.

Mama akazungusha. Ikakwama, ikakwaruza. Akamtazama dereva, akarudisha kile chuma.

— Tutaenda Jumapili, akasema.

Wengine walinung'unika, lakini jioni familia zote nne zilitoa sehemu ya nauli mapema. Motari akatumwa kutafuta vipuri, akiwa na rulema ya zamani mfukoni ili alinganishe namba zilizoandikwa ubavuni. Alirudi usiku na rulema ya ndani, ya nje, vikombe vyake, na raba za magurudumu yote mawili ya mbele. Mzee alikataa kuweka rulema mpya katika kikombe cha zamani: alama za uchakavu wa kale zinakula chuma kipya.

Jumamosi vikombe vipya vilipigwa polepole kwa kuzunguka, mpaka sauti ya nyundo ikawa nzito, ishara kwamba vimekaa. Mzee alitia donge la grisi kiganjani, akaisukuma ndani ya rulema mpaka ikatokea upande wa pili. Kisha nati: aliikaza huku kitovu kinazunguka, akailegeza, akaikaza tena kidogo tu. Ukibana sana, rulema inaungua. Ukilegeza sana, gurudumu linacheza. Bati likakunjwa juu ya nati isijifungue njiani. Upande wa kuume nao ukafunguliwa. Rulema zake zilikuwa bado nzima, zikaoshwa, zikatiwa grisi na raba mpya.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika milima ya Masisi mara nyingi ufa unaanza kwa sauti ndogo.

Jumapili asubuhi gari liliondoka limejaa. Baada ya kilometa chache dereva alisimama, akashuka, akagusa vitovu vyote viwili vya mbele kwa mkono. Vilikuwa vuguvugu tu. Akapanda tena karibu na yule mama, akaendelea polepole kuelekea Nyabiondo. Safari hii radio ilikuwa imezimwa, apate kusikia gari lake.