Kwenda Mweka kwa Ajili ya Kurasa Nne

Mhadhiri wetu alitutaka kila mmoja aandike andiko la kisayansi, ila kwanza asome moja lililoandikwa na Mtanzania. Nikachagua la Erasto Mpemba, aliloandika pamoja na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Dar es Salaam. Lilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, nalo lina kurasa nne tu. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, Mweka, juu ya mji wa Moshi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na Moshi nilikuwa sijaikanyaga. Nikakata tiketi.

Basi liliondoka alfajiri. Tulipita Segera na Korogwe, tukafika Mombo, wanaposhuka abiria wa Lushoto kuanza kuupanda mlima. Nilichungulia dirishani kuitazama ile barabara inayopotelea Usambara, maana huko juu, katika Shule ya Sekondari Magamba, ndiko kisa cha andiko hilo kilikoanzia mwaka 1963. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanangoja yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa ya kugombania. Mpemba, kijana wa kidato cha tatu, alihofia kuikosa, akaingiza yake yangali moto. Baada ya kama saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa amechanganyikiwa.

Hakunyamaza, na hapo ndipo ninapompendea. Likizo aliwauliza watengeneza aiskrimu wa Tanga, mji wangu, wakamwambia kwamba wao huweka ya moto ili igande upesi. Mafundi wale walikuwa na jibu la kazini ambalo kitabu cha darasani hakikuwa nalo. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Siku Osborne alipokwenda shuleni hapo kuzungumza, Mpemba alisimama: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo mmoja, vyombo sawa, yakiwekwa kwenye friza, kwa nini ya 100 yanatangulia kuganda? Wenzake walicheka. Osborne aliahidi kulijaribu, na jaribio lilipofanyika Dar es Salaam, matokeo yakawa yale yale.

Baada ya Mombo nchi inakauka. Milima ya Upare ilitusindikiza upande wa kulia, kupitia Same na Mwanga, hadi Himo. Kilimanjaro ilikuwa ndani ya mawingu.

Kesho yake nilipanda daladala ya Mweka. Joto la mjini hubaki chini upesi. Kila kona migomba inazidi kusongamana, na kahawa imejificha kivulini mwake. Nilishuka karibu na chuo, nikamsalimu mzee mmoja aliyeketi kando ya njia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeshuka mlimani?"

Lilikuwa swali la haki, kwa kuwa wapandaji wengi wa Kilimanjaro huteremkia njia ya Mweka. Nilipomweleza nimekuja kwa sababu ya mwanafunzi wa zamani aliyeandika juu ya maji kuganda, alinyoosha mkono kuelekea majengo ya chuo: "Basi umefika."

Chuo kilianzishwa mwaka 1963, mwaka ule ule wa aiskrimu ya Magamba. Nilikaa nje ya lango nikalisoma andiko upya. Mpemba anasimulia kwa nafsi yake: nilifanya hivi, niliuliza hivi, nilijibiwa hivi. Kisha Osborne anaeleza vipimo. Utando wa mafuta juu ya maji ulichelewesha kuganda kwa saa kadhaa, dalili kwamba joto hutoka zaidi kwa juu. Maandiko mengi tunayoandika vyuoni huanza na utangulizi ulionakiliwa, na ukifika mwisho hujui mwandishi mwenyewe aliona nini. Hili halina tatizo hilo.

Mjadala haujafungwa. Mwaka 2012 Royal Society of Chemistry ya Uingereza iliitisha shindano la kueleza sababu ya maji ya moto kutangulia kuganda, ikapokea majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia majaribio wasilione jambo hilo, wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunatosha kubadili hitimisho.

Kwa hiyo mwanafunzi mwenzangu, unapoandika andiko lako la kwanza, taja chombo, ujazo, joto la kuanzia na mahali hasa ulipoweka kipimajoto, ili mwingine aweze kurudia ulichofanya na hata kukupinga.