Jamaa anatafuta kitambaa kinachorudi

Ukiuliza kitambaa Mwanjelwa, muuzaji anakuapia hakirudi hata ukikifua mara mia. Sasa jamaa mmoja wa hapo Mbeya alikuwa anatafuta kinachorudi! Walimcheka weee. "Mdogo wangu, tukikuuzia hicho si kesho utakuja kutuvunjia meza?"

Mwenzenu anaunda ndege ndogo ya rimoti. Fremu ya mabawa ni fito za mianzi, juu inavalishwa kitambaa chepesi. Unakigundisha pembeni, unapitisha pasi, kinajivuta mpaka kinakaza kama ngoma. Kisipokaza bawa linapwaya, ndege hairuki vizuri. Pamba haifai. Poliesta ndiyo mpango, ila nyingi ya madukani imeshapitishwa moto kiwandani, pasi haiifanyi kitu.

Na hapo nauli ya kwenda Iringa kwa mpenzi wake alishaila kwenye mota. Wiki tatu binti hapokei simu. (Haki yake, tuseme ukweli.)

Bahati nzuri binti anajifunza cherehani. Siku hiyo ikaingia meseji, hata salamu hamna: "Choma uzi. Ukibaki majivu ni pamba, ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu ni poliesta. Halafu jaribu pasi."

Keshokutwa yake konda wa basi akamkabidhi bahasha. Vipande saba vya bitana, kila kimoja kina namba na mraba uliochorwa kwa kalamu.

Akapiga pasi vyote. Mraba wa namba nne ukapungua.

Akapiga simu, haikupokelewa. Akarudia.

"Namba ngapi?"