Koki ya umeme: pima kimo cha tangi kabla hujatoa pesa

Ndugu mkulima, na wewe unayeuza vifaa vya maji Sirari, Tarime mjini au Mugumu, siku hizi naulizwa sana kuhusu koki zinazojifungua zenyewe kwa umeme. Upande wa Serengeti naelewa sababu. Anayelima mboga kijiji kinachopakana na hifadhi hapendi kwenda shambani alfajiri kufungua maji wakati tembo bado hawajaondoka.

Juu ya koki hiyo kuna koili, waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Ukiipa umeme inakuwa sumaku na kuvuta kipande cha chuma kinachokandamizwa na springi. Wengi hudhani chuma hicho ndicho kinachozuia maji yote. Hapana. Kwenye koki nyingi za umwagiliaji kinaziba kitundu kidogo tu. Kinachozuia maji ni kiwambo cha mpira, nacho kinakandamizwa na maji yenyewe yaliyojaa juu yake. Kitundu kikifunguka, maji hayo yanatoka, na presha ya tangi inakinyanyua kiwambo. Umeme ukikatika, chuma kinarudi, maji yanajaa tena juu, koki inafunga.

Kwa hiyo kazi kubwa inafanywa na presha. Umeme unatoa ruhusa tu. Tangi lililo juu ya shamba kwa mita 10 linatoa presha ya bar 1 hivi. Lililo kwenye mnara wa mita 2 linatoa bar 0.2, na koki nyingi za kiwambo zinataka zaidi ya hapo.

Mama mmoja anayelima nyanya karibu na Mugumu aliniita nione koki yake "mbovu". Inalia tak, maji hayatoki, na nyanya zilikuwa zimeanza kutoa maua. Fundi alishamwambia anunue nyingine kama ileile. Tuliifunga kwenye bomba lenye presha, ikafungua na kufunga bila shida. Tatizo lilikuwa tangi fupi. Pesa ya koki ya pili akabaki nayo.

Kwa tangi fupi, tafuta koki ambayo koili inavuta kizibo chenyewe moja kwa moja, isiyohitaji presha kufunguka. Au chukua ya mota, inayozungusha tufe lenye tundu. Hii inavumilia uchafu zaidi. Ila muulize muuzaji: umeme ukikatika katikati ya kumwagilia, inajifunga? Nyingi hubaki wazi, ukaamka tangi tupu.

Wenzetu wa milimani Tarime, tangi likiwa juu na shamba bondeni, presha mnayo bure. Ya kiwambo itawafaa.

Muuzaji, soma maandishi ya koili kabla ya kumpa mteja. Iliyoandikwa 24V AC ukiiunga kwenye sola ya volti 24 itapata moto na kuungua, maana sola inatoa DC. Na atarudi dukani kwako, si kwangu.

Anayevuta maji Mto Mara wakati wa mvua aweke chujio kabla ya koki na alisafishe mara kwa mara, maana tope likiziba kile kitundu koki haitatii. Halafu angalia mshale ulio ubavuni: uelekee maji yanakokwenda.