Chini ya Mwembe wa Malaba

Hapo Malaba, hatua chache kabla ya Uganda, pana mwembe ambao wenye pikipiki hungojea abiria chini yake. Kazi yao ilianza kwa baiskeli katika miaka ya 1960, Busia na Malaba, zikivusha watu toka mpaka hata mpaka. Ndipo lilipozaliwa jina la bodaboda.

Siku moja nilituliza pikipiki yangu kivulini pale. Nilitazamia habari za tairi na petroli. Kumbe mazungumzo yalikuwa ya nyumba. Mmoja hununua bati moja kila wiki, naye amefikia la kumi na saba. Mwingine alikisifu kiambaza chake kilichokandikwa upya. Nami nikaeleza kuwa mchwa wameila nguzo ya nyumba ya mama, na masika yamekaribia.

"Mwalimu," akasema mzee wao, "ipake nguzo mpya oili chafu ya pikipiki kabla ya kuisimika. Mchwa huichukia."

Kijana mmoja akapinga: oili hupenya ardhini, ikaharibu maji. "Kisima cha mama kiko hatua ngapi, mwalimu?"

Sikujua. Tarehe niliyobadilisha oili ya pikipiki ningeitaja bila kufikiri. Lakini hatua za kisima nilichochotea maji utotoni zilinishinda.

Jioni ile nilikwenda kwa mama. Nikasimama penye nguzo, nikaanza kuhesabu. Sijafika mbali, mama akatoka jikoni, akaniuliza nimepotewa na nini.