Miezi 27

Yalikuwa mawili, meupe yote, yameegeshwa ubavu kwa ubavu chini ya mabati katika yadi moja ya magari kisiwani Mombasa. Toyota Fielder ya 2016 na Toyota Fielder ya 2016. Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililopita miaka minane kuingizwa nchini, kwa hiyo mwishoni mwa 2023 hayo yalikuwa karibu na ukingoni, na mfuko wetu ulikuwa wa ukingoni vilevile. Kwa mbali usingejua lipi ni lipi. Ukisogea, nembo ya moja ilikuwa imepakwa samawati. Hilo lilikuwa la haibridi, na bei yake ilizidi ya mwenzake kwa shilingi 90,000.

"Injini zote mbili ni 1500," alisema muuzaji. "Ila hili lina injini na lina stima."

Hatukuwa tunatafuta gari la kutembelea. Mama alikuwa ameanza kusafishwa damu, Jumanne na Ijumaa, kwa sababu figo zake zilikuwa zimechoka. Sisi twakaa Ukunda, hospitali iko kisiwani, na katikati kuna feri ya Likoni. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 70. NHIF ililipia mara mbili kwa wiki, usafiri ukawa juu yetu. Miezi minne tulimpeleka kwa matatu hadi Likoni, kwa miguu hadi ndani ya feri, kisha tuktuk. Kwenda si neno. Kurudi ndiko kulikotuuma, maana mtu aliyekaa kwenye mashine ile saa nne hutoka kama nguo iliyokamuliwa, na hapo bado ana mteremko wa Likoni, jua na umati.

Tuliuza kipande cha shamba. Kakangu akatoa akiba yake, mimi nikakopa kwenye sacco ya walimu. Ndipo tukafika kwenye yale magari mawili, tukashindwa kuamua.

Fundi aliyekuwa akitengeneza teksi ya marehemu baba hakuhitaji kufikiri. "Haibridi ni mume mwenye nyumba mbili, mwanangu. Moja ikinuna, zote hazilali. Chukua la petroli, hata nikifa mimi, kila kona utapata wa kulifungua."

Maneno yake yalikuwa na uzito. Spea za Fielder ya petroli utazipata hata dukani mwa mtu anayeuza na sabuni. Betri kubwa ya haibridi, ile ya volti 144 iliyolazwa chini ya kiti cha nyuma, ikifa ni habari nyingine. Nilisoma usiku kucha kwenye simu. Nikajua kwamba betri hiyo hupozwa na feni ndogo inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti, na kwamba vumbi likiziba hapo betri huchemka na kufa kabla ya siku zake. Nikajua pia jambo ambalo fundi hakunitajia: haibridi ya namna hii haina stata wala olteneta, na giaboksi yake haina ule mkanda wa chuma ulio katika ya petroli. Ni meno tu, yanayounganisha injini na mota mbili. Kwa hiyo lile lililoonekana gumu lilikuwa na vitu vichache vya kukatika. Nilimweleza fundi. Akacheka, akasema simu haishiki spana.

Usiku wa Jumapili, kakangu alileta kikokotoo. Yeye ni mtu wa hesabu, huuza mbao. Safari za hospitali: kilomita 600 kwa mwezi. Kwa foleni za Likoni, la petroli tuliambiwa lingekwenda 13 kwa lita, la haibridi 20. Hiyo ni lita 46 dhidi ya 30. Mafuta siku hizo yalikuwa yamepita shilingi 210 kwa lita, baada ya ushuru wa VAT kupandishwa mwaka huohuo kutoka asilimia 8 hadi 16. Lita 16 mara 210 ni 3,360 kwa mwezi.

"Elfu tisini gawanya kwa hiyo," alisema, akabonyeza. "Miezi 27. Baada ya hapo ndipo haibridi inaanza kutuletea faida." Akaandika 27 nyuma ya karatasi ya hospitali, akaizungushia duara. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Sasa itategemea tutasafiri hadi lini."

Sikumjibu. Alikuwa amesema kweli ya kikokotoo, na sidhani alijisikia alivyosema hadi maneno yalipokuwa yametoka. Tulikaa tukiangalia lile duara. Kama tuliamini mama atafika miezi 27, tuchukue la haibridi. Kama hatukuamini, la petroli lilikuwa na akili zaidi. Watoto wawili wazima, mezani, tunapiga bei ya umri wa mama yetu kwa lita.

"Mnahesabu nini huko?" mama aliita kutoka chumbani.

"Gari, mama."

"Haya. Msihesabu njaa."

Ile Jumanne, mwalimu mwenzangu alituazima Fielder yake ya haibridi, tuijaribu. Wakati wa kurudi tulikuta foleni ya feri imefika mbali, saa nane mchana, Desemba. Gari liliposimama, injini ilizima. Mama, aliyekuwa amejinyoosha nyuma na leso yake, akafumbua macho.

"Limeharibika?"

"Halijaharibika, mama. Linangoja."

Kiyoyozi kiliendelea. Katika gari hili kinaendeshwa na ile betri kubwa, si na mkanda wa injini, kwa hiyo injini inalala na ubaridi unabaki. Baada ya muda injini iliwaka yenyewe, ikajaza betri kidogo, ikazima tena. Nikamkumbuka baba katika foleni hiyohiyo, akizima teksi yake ili asichome mafuta ya bure. Abiria walilowa jasho, nasi watoto tukilowa, naye akisema foleni hailipi. Hakuwa mkatili. Alikuwa na ama mafuta ama upepo, akachagua mafuta.

Niligeuka. Mama alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo. Tulisogea, tukasimama, tukasogea, na hakuamka hadi feri ilipogusa upande wa pili. Kakangu aliona. Jioni alimpigia muuzaji mwenyewe, akabishania elfu tisini zile hadi zikawa themanini na tano.

Sasa ni mwezi wa 19. NHIF imekuwa SHA, barabara ya Dongo Kundu imefunguka lakini kwa hospitali yetu ni mzunguko mkubwa, tungali watu wa feri. Petroli ilishuka chini ya shilingi 190 mwaka 2024, na kila inaposhuka, miezi ya kakangu huongezeka. Mwezi uliopita mama alisikia bei mpya redioni, akafurahi, akaniuliza mbona mimi sifurahi.

Jumamosi asubuhi hufungua lile tundu la hewa pembeni mwa kiti. Ni kazi ya dakika kumi: bisibisi, brashi ya meno kuukuu, kitambaa. Mara nyingi hutoa vumbi la Ukunda. Juzi nilitoa nyuzi za leso, kwa sababu ndipo anapopenda kuiweka akilala. Nimemwambia mara tatu asiliziba. Akasema basi nimkumbushe Jumanne.