Vilima Vitatu vya Padre Andrea Kim

Kusini mwa Seoul, katika mji wa Yongin, inaanza njia ya miguu ya kilomita 10 hivi, kutoka Eunni hadi Mirinae. Inapanda vilima vitatu vyenye misitu, navyo waamini wa Korea wameviita Imani, Matumaini na Mapendo. Kati ya njia zote za hija nilizopita, hii naiweka ya kwanza. Padre Andrea Kim Taegon alitembea sehemu hizi akiwa hai, akiwapelekea waamini sakramenti kwa siri. Kisha akavuka vilima hivi akiwa maiti, mgongoni mwa kijana wa miaka 17.

Kwao ni Solmoe, upande wa magharibi, ambako nyumba ya ukoo wao imejengwa upya kando ya msitu wa misonobari. Alizaliwa hapo mwaka 1821, na Papa Fransisko alifika kusali hapo Agosti 2014. Nyumba ile ilizoea msiba. Baba wa babu yake alifia gerezani mwaka 1814 kwa ajili ya imani. Baba yake aliuawa mwaka 1839. Watawala wa Joseon, ufalme wa Korea wa wakati ule, waliwaona Wakatoliki kuwa waasi, kwa sababu walikataa matambiko ya mababu, na juu ya matambiko hayo ndipo ufalme mzima uliposimama. Andrea alikuwa kijana mdogo alipotumwa Macau kusomea upadre. Alikwenda kwa miguu, akaikata China yote.

Tarehe 17 Agosti 1845, karibu na Shanghai, akawa padre wa kwanza Mkorea. Chombo alichorudi nacho nyumbani, pamoja na wamisionari Wafaransa, Askofu Ferréol na Padre Daveluy, kinastahili safari ya peke yake hadi kisiwa cha Jeju, kijiji cha Yongsu, ambako dhoruba iliwatupa. Mfano wake umejengwa hapo. Mtu wa Lamu angeusogelea akaugusa: mbao zake zilishikwa kwa vigingi vya mti bila msumari hata mmoja, na matanga yalikuwa ya mikeka, kama mtepe wetu wa zamani. Kwa chombo hicho walivuka bahari kuu, nahodha akiwa padre mwenyewe!

Pasaka ya mwaka 1846 alisoma Misa Eunni, akaagana na mama yake, Ursula Ko. Mwezi Juni alikamatwa pwani akitafuta njia ya kuwaingiza wamisionari. Maofisa walipoona elimu yake, walimpa ramani ya dunia aitafsiri. Naye akaifanya kazi hiyo gerezani, kwa faida ya serikali iliyokuwa inakwenda kumuua. Tarehe 16 Septemba alikatwa kichwa Saenamteo, kwenye mchanga wa mto Han. Alikuwa na miaka 25, na upadre wake ulikuwa wa miezi 13. Leo pana kanisa lenye mapaa ya vigae yaliyopinda Kikorea, na treni hupita jirani mchana kutwa.

Kijana Yi Min-sik alivizia mpaka akauchukua mwili, akatembea nao usiku kwa usiku hadi Mirinae, kwa Wakatoliki waliojificha bondeni wakifinyanga vyungu. Mwaka 1901 mabaki ya padre yalihamishiwa Seoul, lakini watu hawajaacha kuja. Mimi kilichonishika zaidi ni kaburi la mama yake, Ursula, lililo hapo Mirinae. Mume wake na mwanawe wote walichukuliwa na upanga, naye mwenyewe aliwahi kuombaomba nyumba kwa nyumba.

Ukiweza, nenda Septemba, mwezi ambao Kanisa la Korea linawaadhimisha wafiadini wake. Anzia Eunni asubuhi na mapema, beba maji ya kutosha, usiharakishe kwenye kilima cha Matumaini. Na ukifika Mirinae usiishie kanisani, mtafute yule mama.