Mto nao una kadi yake ya kliniki

Mimi huandika habari za afya, na mara nyingi habari hizo nazipata zahanati au wodini. Lakini masika yakikaribia, afya inayoninyima usingizi ni ya watoto wawili wa dada yangu. Wanaishi kando ya Mto Mkondoa, wilayani Kilosa, na huuvuka kwa miguu kwenda shule. Kiangazi maji hufika kwenye vifundo tu.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto huo ulifurika, ukasomba reli na kuacha maelfu ya watu bila makazi. Nilikuwa na miaka 12. Ninachokumbuka zaidi ni siku zilizofuata: hema, foleni ya maji ya kunywa, na mama akituhesabu kila jioni.

Mto hupimwa kwa kitu rahisi: ubao wenye namba kama rula, uliosimikwa ukingoni. Msoma vipimo, mara nyingi mkazi wa hapo hapo, huusoma asubuhi na jioni, akaandika kina kwenye daftari. Takwimu huenda bodi ya maji ya bonde. Kwa Mkondoa ni ya Wami/Ruvu. Wataalamu nao hupima upana, kina na kasi ya maji, wakapata ni mita ngapi za ujazo zinazopita kila sekunde. Wakishapima hivyo mara nyingi, kiangazi na masika, namba ya ubaoni pekee huwaonyesha wingi wa maji.

Wazazi tayari mnaijua kazi hii. Ni kama kadi ya kliniki. Uzito wa siku moja hausemi mengi. Muuguzi hutazama mstari, unapanda, umelala au unashuka. Mto ukiwa mita moja na nusu huenda hakuna tatizo. Lakini kama asubuhi ulikuwa nusu mita, kuna jambo linakuja. Na ubao ukisombwa, au asipokuwepo wa kuusoma, ni sawa na mtoto aliyekosa kliniki miezi mitatu.

Dada hubisha: "Mdogo wangu, mbona huku mvua haijanyesha? Watavuka tu." Namkumbusha kwamba maji mengine hutoka mbali, mkoani Dodoma, kupitia Mto Kinyasungwe. Jua linaweza kuwaka Kilosa huku mto unajaa. Na maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, sembuse mtoto wa darasa la pili.

Mwaka huu tulikubaliana. Shemeji alipaka alama nyeupe kwenye jiwe la kivukoni. Maji yakiigusa, hakuna kuvuka, hata kama kuna mtihani. Yakibadilika rangi au yakianza kuleta matawi, hakuna kuvuka, hata kama alama inaonekana. Yakijaa wakiwa shuleni, wanalala kwa shangazi yao ng'ambo.

Machi walikosa masomo siku nne. Dada alinung'unika, mwalimu naye akauliza. Siku nne hizo walizifidia kwa madaftari ya wenzao.

Mzazi, kama wanao huvuka mto, uliza ofisi ya kijiji: ubao wa kupimia uko wapi, anausoma nani, na maji yakipanda usiku nani atakupigia simu?